Timazi

Ghorofa ya tatu, Tudor, juu ya duka la betri za magari,
Mbeyu anaupangusa mlingoti kwa spiriti.
Hewa ya Mombasa mwezi wa Machi haikaushi kitu:
chuma chatoka jasho kabla yetu.
Madirishani tumetundika leso kuukuu,
si kwa haya, ni kwa vijana wa karakana ya ng'ambo
wanaodhani kila kilichofichwa
kimefichwa kwa ajili yao.

"Usiruke," ananambia.
Nami naruka.
Najirusha kama anayedandia lori,
mabega yameziba masikio,
shingo imezama kama ya kobe,
nyonga zimebaki nyuma, mzigo usio na mwenyewe.
Naanguka kwa kishindo.
Chini, mwenye betri anagonga dari kwa mpini wa ufagio.

"Umeona? Hukupanda. Umejitupa.
Shusha mabega kwanza, yatie mifukoni
kama sarafu usizotaka mume azisikie zikilia."
Sina mume, lakini nimeelewa.

"Kwapa liume chuma. Kiwiko kiwe jirani wa mbavu.
Kitovu kivute ndani mpaka kiusalimu uti wa mgongo.
Kisha kunja nyonga, mkia uufyate,
kifua kilale nyuma kadiri nyonga zinavyopanda,
kimoja kishuke, kingine kipande,
kama ndoo mbili kwenye kamba moja.
Na kichwa, Saumu, kichwa! Usikitupe.
Hicho si nanga."

Miaka kumi na tisa nimeinamia cherehani, Mwembe Tayari,
nikishona sare za shule za watoto wa watu.
Bega la kulia limezoea kuishi juu ya mwenzake,
kama mpangaji aliyepata chumba chenye upepo.
Pindo ngapi nimezinyoosha!
Mshono wangu mwenyewe umekwenda upande
na sikuwahi kuugeuza nikautazama.

Babangu alikuwa mwashi.
Alikuwa na timazi ya shaba, uzi wake mweusi kwa jasho,
na kabla ya kila kozi aliishusha, akangoja.
Alikuwa akisema kwamba ufundi wote ni kungoja.
La, naongopa. Hakusema kitu.
Alinyamaza tu, jicho moja kalifumba,
mpaka ile shaba ichoke kucheza.
Na ukuta ukimkatalia
alibomoa kozi mbili, udongo ungali mbichi,
bila kumtukana mtu.

Basi leo, mwezi wa tatu wa michubuko
(mapajani nina ramani ya nchi nisizozijua),
nimebomoa kozi mbili.
Nimerudi sakafuni. Nimepaka poda viganja.
Nimeshusha mabega.
Nikangoja.

Sikuruka.
Nyonga ziliondoka zenyewe, taratibu,
kama mkate wa mofa unaobanduka ukutani mwa tanuri,
zikapita kifua, zikapita kiwiko,
goti la nje likatafuta chuma, likakikamata,
ngozi ya nyuma yake ikalia, ikanyamaza.
Mbeyu aliweka kidole kimoja mgongoni,
hakunishika, aliniwekea alama tu, kama chaki kwenye kitambaa.
"Hapo," akasema. "Pumua."

Pangaboi lilikuwa linazunguka sakafuni.
Viatu vyetu vimebandikwa darini, viwili viwili.
Penye mwanya wa leso mbingu ilikuwa chini kabisa,
mtu angeweza kuchovya mguu.

Msuko wangu mmoja ukachomoka kwenye kibanio,
ukaning'inia, ukacheza,
ukacheza,
ukatulia,
sambamba na mlingoti, sambamba na uti wangu,
nusu inchi haikupotea.
Nilifumba jicho moja.

Mwenye betri hakugonga.

"Haya, shuka," akasema Mbeyu, kitambaa cha spiriti mkononi.
"Polepole, mgongo ukunjuke pingili kwa pingili.
Halafu tuanze upya,
upande wa kushoto."